Sheria inamlinda askari wa kike kazini
Dada, umeuliza kama mdogo wako, askari hapa Dodoma, analindwa na sheria anapoachwa kaunta kila zamu ya doria huku akiagizwa chai, na anapoambiwa mbele ya wenzake kwamba mimba imemmalizia uaskari. Analindwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa sehemu kubwa haiwahusu polisi, na wengi hukata tamaa hapo, lakini kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hata ujauzito, kinawahusu wao pia, na unyanyasaji umehesabiwa humo kuwa ubaguzi. Inaniuma kuona anayepokea malalamiko ya wanawake wengine akikosa wa kumsikiliza yeye. Aandike tarehe, maneno yenyewe na majina ya waliosikia, kisha awasilishe malalamiko kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.