Muulize Fundi: Sailensa inapanda yenyewe

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Yamaha Blaster ya mwaka 2001, pikipiki ya magurudumu manne, naiendesha kwenye mchanga huku Maskati. Kiki ya pili tu inawaka. Ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kubonyeza mafuta) inapanda yenyewe, na nikiachia mafuta mlio unachelewa kushuka. Nikibonyeza mafuta yote inamisi na kukosa nguvu. Plagi imebadilishwa mara 3. Fundi wa huku anataka kuweka mein jeti (tundu kuu la petroli kwenye kabureta) kubwa zaidi. Nikubali?
Msomaji, Maskati

JIBU: Marahaba. Usikubali kwanza, na usiiendeshe tena mpaka ujue hewa inaingilia wapi. Injini ya tu-stroku (ya mipigo miwili, inayochoma petroli pamoja na oili) inayopandisha sailensa peke yake karibu kila mara inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyoingia, moto ndani unazidi, na pistoni huanza kuyeyuka au kukwaruza silinda. Jeti kubwa itauficha ugonjwa kwa wiki mbili tatu, kisha injini inanoki, yaani pistoni inakwama.

Kabla ya yote, ondoa shaka ya umeme, maana kumisi mafuta yakiwa yote kunaweza kutoka huko. Blaster ina swichi kwenye breki ya kuegeshea inayozuia mzunguko kupanda. Breki ikibaki imeshikwa, au swichi ikiharibika, inamisi vilevile. Pia kuna swichi moja kwenye kitufe cha mafuta na nyingine juu ya kabureta. Kebo ya mafuta ikilegea, hizo mbili hazikubaliani na moto wa plagi unakatwa. Rekebisha kebo, kisha jaribu.

Sasa fungua plagi na uiangalie juani. Ncha ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Nyeusi na mbichi, petroli au oili imezidi. Ikiwa nyeupe kama chaki, hasa yenye vipunje vidogo vinavyong'aa, hewa imezidi, na vile vipunje ni pistoni yako inayohama. Kwa dalili ulizoeleza, natarajia utaikuta nyeupe.

Kipimo cha kuamua ni cha kuvujisha hewa, na kila mwenye tu-stroku amdai fundi wake akifanye. Toa kabureta na eksozi. Ziba mdomo wa mpira wa kabureta na tundu la eksozi kwa vizibo vya mpira na kleva (pete za kubana). Shusha pistoni mpaka chini kabisa ili njia za pembeni za silinda ziwe wazi, halafu, plagi ikiwa imefungwa, pampu hewa kupitia kizibo chenye vali kwenye mpira wa kabureta, kwa pampu ya mkono yenye geji, mpaka psi 6 (psi ni kipimo cha shinikizo). Usizidishe sana, utazing'oa sili (mipira ya kuzuia kuvuja) zenyewe. Subiri dakika 6. Geji ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, pana tundu.

Kulitafuta ni kazi ya maji ya sabuni na brashi. Paka kwenye mpira wa kabureta (hupasuka pale kleva inapobana, na ufa hauonekani mpaka uukunje), kwenye kiti cha ridi (vibamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia tu), gasketi ya chini ya silinda na ya kichwa. Kisha toa sumaku (gurudumu la umeme) upande wa kushoto, upake sili ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Huko ndiko mchanga mwembamba unakokula sili, na ndiko natilia shaka zaidi. Sili ya upande wa klachi huifikii kwa brashi: chukua mpira wa kupumulia wa giaboksi, tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji. Mapovu yakitoka wakati umepampu, sili hiyo imekwisha. Dalili yake nyingine ni moshi mweupe mzito na oili ya gia inayopungua bila kuonekana chini.

Ukiwa umefungua, kagua ridi. Ziinue kwenye mwanga. Petali iliyokatika pembeni au isiyokaa imelala inarudisha mchanganyiko nyuma kwenye kabureta. Pima na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), mafuta yakiwa wazi kabisa, upige kiki mpaka geji iache kupanda. Karibu na psi 120 ni nzuri. Chini ya 100, ringi au silinda imechoka, na hakuna jeti itakayoirudisha.

Kuvuja kukiisha, ndipo unagusa kabureta. Skrubu ya hewa anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa. Kuifungua kunaongeza hewa. Slo jeti (jeti ndogo) inatawala sailensa na mwanzo wa mafuta, sindano inatawala katikati, mein jeti robo ya mwisho. Rudisha jeti ya kiwandani kwanza. Plagi ni NGK B8ES, pengo milimita 0.7 hadi 0.8.

Kichujio cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kikauke kabisa, ukilowanishe oili ya kichujio na kukikamua. Paka grisi kwenye ukingo unapokaa. Kikavu mchangani hakichuji kitu.

SWALI: Nina oili ya mashine ya boti, imeandikwa TC-W3. Naweza kuichanganya kwenye pikipiki yangu ya magurudumu manne ya tu-stroku isiyo na pampu ya oili? Na kiasi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hiyo ibaki kwenye boti. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Injini ya pikipiki kama yako kwa kawaida inapozwa na upepo, joto lake ni kubwa zaidi. Nunua iliyoandikwa JASO FC au FD (viwango vya Kijapani vya oili ya tu-stroku). Kwa 32:1 (petroli sehemu 32, oili sehemu 1), lita 5 za petroli zinachukua mililita 156 za oili. Kwa 40:1, mililita 125. Fuata uwiano wa kitabu cha chombo chako. Pima kwa kikombe chenye alama, changanya kwenye dumu kwanza, usimimine moja kwa moja kwenye tangi. Na usipunguze oili ili kupunguza moshi: kwenye mchanganyiko huo ndimo beringi za krenki zinamolainishwa.