Kodi ya mauzo ya Marekani kwenye mzigo unaokuja Dar es Salaam: kwa nini umekatwa, na lini unaweza kurudishiwa

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba ulinunua lenzi ya kamera kwa dola 1,200 katika duka la mtandaoni la Marekani, ukaelekeza ipelekwe kwenye ghala la wakala wa mizigo lililoko California ili aisafirishe kwa ndege hadi Dar es Salaam, na risiti ikaja na nyongeza ya dola 87 iliyoandikwa kuwa ni kodi ya mauzo. Unataka kujua kama ni halali kutozwa kodi hiyo ilhali huishi Marekani na lenzi haitatumika huko. Umeuliza pia kuhusu dada yako anayeuza vikapu vya ukindu kwa wateja wa nje. Nimekuwa nikiagiza vifaa vya picha kwa ajili ya studio za Kariakoo na Kinondoni kwa miaka mingi, na kodi hii nimeilipa, nimeikwepa kwa njia halali, na nimeidai, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kodi ya mauzo ya Marekani huangalia mahali bidhaa inapokabidhiwa. Haiangalii uraia wa mnunuzi, wala benki iliyotoa kadi yake, wala mpango alio nao baada ya kupokea mzigo. Mfumo wa duka uliona anwani ya California, ambako kiwango cha chini kabisa ni asilimia 7.25, ukaipiga hesabu kama unavyoipigia hesabu bidhaa ya mkazi yeyote wa jimbo hilo. Lau duka lenyewe lingeituma lenzi hiyo moja kwa moja hadi Dar es Salaam, usingetozwa hata senti moja ya kodi hiyo.

Ni muhimu kufahamu kwamba hii si kodi ya serikali kuu ya Marekani. Nchi ile haina kodi ya ongezeko la thamani kama VAT yetu. Kodi ya mauzo ni ya majimbo, na mara nyingi kaunti na miji huongeza sehemu yake juu ya ile ya jimbo. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. yanayo. Majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa Alaska huziachia serikali za mitaa zitoze ya kwao. Kwa hiyo lenzi moja, ya bei moja, inaweza kukatwa dola 87 ikipita California, dola 106.50 ikipita jiji la New York ambako kiwango ni asilimia 8.875, na isikatwe chochote ikipita Delaware.

Msamaha wa mizigo inayokwenda nje haukutokana na hisani ya maduka. Katiba ya Marekani, katika Ibara ya Kwanza, sehemu ya 10, inakataza majimbo kutoza ushuru kwenye bidhaa zinazoingia au kutoka nchini bila idhini ya Bunge la Marekani. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Richfield, ambayo ilikuwa imeiuzia serikali ya New Zealand mafuta na kuyapakia melini katika bandari ya Los Angeles. California ilitaka kodi ya mauzo, Mahakama ikakataa, kwa kuwa mafuta yalipoingia kwenye meli hiyo safari ya kwenda nje ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1974 ikaja kesi ya kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Ohio. Mashine zake zilikuwa zimeundwa mahsusi kwa wateja wa nje, na hakuna aliyetilia shaka kwamba zingesafirishwa, lakini zilikuwa bado zimekaa ghalani. Hapo Mahakama iliruhusu kodi itozwe. Kodi iliyobishaniwa safari hiyo ilikuwa ya mali na si ya mauzo, lakini kanuni iliyotumika ndiyo inayotugusa sisi: uhakika kwamba mzigo utaondoka hautoshi, mpaka mzigo uwe umeianza safari.

Sasa ghala la wakala wako liko upande gani wa mstari huo? Hapa ndipo majimbo yanapotofautiana, na ndipo watu wanapopotoshana kwa kuchukua kanuni ya jimbo moja na kuipeleka lingine. Kanuni za California zinakubali msamaha hata pale muuzaji anapoukabidhi mzigo kwa wakala wa usafirishaji aliyeajiriwa na mnunuzi, kwa masharti kwamba wakati wa mauzo bidhaa ilikuwa imekwisha kutengwa kwa safari ya nje bila nafasi ya kurudi nyuma, kwamba safari hiyo iliendelea bila kukatizwa, na kwamba bidhaa haikutumika kabla ya kufika. Florida ina utaratibu wa kuyasajili maghala ya mawakala wa aina hii, na muuzaji anayetuma kwenye anwani iliyosajiliwa hatozi kodi. Lakini ukimtuma binamu yako aliyeko huko akachukue mzigo dukani, au ukapelekwa nyumbani kwake ili auweke kwenye begi lake la safari, hayo kwa kawaida ni mauzo ya ndani, hata kama ana tiketi ya kuja Dar es Salaam kesho yake.

Kwako wewe, basi, hoja ipo, lakini ina udhaifu mmoja. Anwani za maghala haya huandikwa jina la mteja na namba ya sanduku, zikionekana kama anwani ya nyumba ya kawaida. Hakuna kitu kwenye oda yako kilichomwonyesha muuzaji kwamba lenzi inakwenda Tanzania. Ndiyo maana siku zote nasisitiza kwamba mazungumzo na muuzaji yafanyike kabla ya kulipa, kwa maandishi, na kwamba maneno ya kuwa bidhaa ni ya kusafirishwa kwenda Tanzania yaingizwe kwenye ankara yenyewe.

Kuhusu kudai fedha ambazo zimekwisha kukatwa, dai lako lielekezwe kwa muuzaji. Yeye ndiye mlipakodi mbele ya jimbo, naye ndiye anayeweza kurekebisha ritani yake, yaani taarifa ya kodi anayoiwasilisha kwa jimbo. Ukiiandikia mamlaka ya kodi ya jimbo moja kwa moja, kwa kawaida utarudishwa kwake. Nimewahi kurejeshewa na duka dogo la vipuri vya kamera baada ya kulitumia nakala ya hati ya usafirishaji wa anga yenye uzito na maelezo yanayolingana na ankara, pamoja na hati za forodha za hapa zinazoonyesha kwamba mzigo uliingia Tanzania kwa jina langu. Mhasibu wao alizisoma, akauliza maswali mawili, akarejesha fedha kwenye kadi. Duka kubwa zaidi lilinijibu kwamba mfumo wao hauna njia ya kuondoa kodi kwenye oda iliyokwisha kukamilika, na sikupata kitu, ingawa hati zilikuwa zilezile. Sharti moja lisisahaulike: mwombe wakala asichanganye lenzi yako na mizigo ya wengine chini ya maelezo ya jumla kama vile vifaa mbalimbali, kwa sababu hati ya namna hiyo haithibitishi chochote.

Kama ulinunua kwa muuzaji mdogo aliyeko kwenye soko kubwa kama Amazon au eBay, usimsumbue muuzaji huyo. Majimbo yenye kodi hii yamepitisha sheria zinazoyafanya masoko hayo kuwa watozaji, hivyo fedha hazikupita mikononi mwake na hana uwezo wa kuzirudisha. Dai lielekezwe kwa soko lenyewe.

Kuna wanaosema kwamba zamani walikuwa wakinunua bila kukatwa, na wanasema kweli. Kwa msimamo uliothibitishwa na Mahakama ya Juu katika kesi ya Quill ya mwaka 1992, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji kukusanya kodi kama hakuwa na duka, ghala au wafanyakazi ndani ya jimbo hilo. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ilitangua msimamo huo katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, na kuruhusu sheria ya jimbo hilo iliyomgusa kila muuzaji wa mbali mwenye mauzo ya zaidi ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka humo. Majimbo mengine yakafuata, Missouri likiwa la mwisho, Januari 2023. Ushauri wowote wa kabla ya hapo, wa kutafuta duka lililoko jimbo tofauti na la ghala lako, uachwe.

Mimi kwa vitu vidogo vya thamani kubwa, kama lenzi, huagiza kwa muuzaji anayetuma moja kwa moja, hata kama nauli yake ni kubwa zaidi, kwa sababu ushahidi wa usafirishaji unabaki mikononi mwake na kodi haijitokezi kabisa. Kwa maboksi mengi yanayohitaji kuunganishwa, hutumia wakala mwenye ghala Delaware au Oregon. Pigeni hesabu zote mbili kabla ya kuamua, mkikumbuka kwamba kodi ya California haipunguzi deni lenu hapa: TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, watatoza ushuru wa forodha unaohusika na VAT ya asilimia 18 bila kujali kilicholipwa kwenye jimbo la Marekani.

Uingereza ni hadithi tofauti. VAT yao ya asilimia 20 imo ndani ya bei inayotangazwa, kwa hiyo bidhaa ya pauni 120 ina kodi ya pauni 20, si 24 kama wengi wanavyokokotoa. Muuzaji anayesafirisha nje mwenyewe anaweza kutoza asilimia sifuri, mradi awe na ushahidi wa usafirishaji ndani ya miezi mitatu, lakini maduka mengi hayapunguzi bei mpaka yaulizwe. Ule utaratibu wa msafiri kurudishiwa VAT uwanja wa ndege ulifutwa England, Scotland na Wales mwishoni mwa 2020.

Dada yako yuko upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Sheria yetu ya VAT ya mwaka 2014 inatoza asilimia sifuri kwa bidhaa zinazosafirishwa nje, kwa hiyo mteja wa Berlin asiongezewe asilimia 18. Kama mauzo yake hayajafikia shilingi milioni 200 kwa mwaka na hajasajiliwa, haruhusiwi kabisa kumtoza mtu yeyote VAT. Akisajiliwa, atadai marejesho ya VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake, na hapo atatakiwa kuonyesha hati za forodha na za usafirishaji kwa kila mzigo. Awaeleze wateja mapema kwamba kodi ya nchi yao iko palepale: kwa mzigo usiozidi pauni 135 Uingereza inataka VAT itozwe wakati wa mauzo tangu Januari 2021, Umoja wa Ulaya unatoza VAT hata kwenye kifurushi kidogo tangu Julai 2021, na Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Akiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, kodi ya mauzo na VAT za wateja hao kwa kawaida hukusanywa na soko, na yeye hubaki na kazi ya kujaza thamani sahihi kwenye tamko la forodha.

Niambie kama lenzi uliinunua kwa duka lenyewe au kwa muuzaji aliye ndani ya soko, na kama imekwisha kuondoka California. Ikiwa bado iko ghalani, mwandikie muuzaji leo, na umwombe wakala akupe hati ya usafirishaji inayoitaja lenzi kwa jina na namba yake.