Maswali ya Wasomaji: Urithi wa Walimu wa Jujutsu

SWALI: Mhariri, mbinu nyingi za kukabana chini katika mapambano ya kisasa huhusishwa na Brazili. Je, walimu wa mwanzo wa Kijapani walichangia nini hasa?

JIBU: Walichangia zaidi ya inavyosimuliwa. Kano Jigoro, aliyejifunza Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, mitindo miwili ya jujutsu (mapigano ya Kijapani ya mikono mitupu), kabla ya kuanzisha Kodokan, shule yake ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, aliziondoa katika mazoezi huru mbinu zilizokuwa hatari mno, na hivyo wanafunzi wakaweza kushindana kwa nguvu zote mara kwa mara bila kuvunjana viungo. Kwa maoni yetu, utaratibu huo wa mazoezi ni urithi wenye uzito kuliko kabari yoyote.

Maeda Mitsuyo, aliyefunzwa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914 na baadaye akafundisha mjini Belém, ambako Carlos Gracie alijifunza kwake. Familia ya Gracie iliendeleza sana mapambano ya chini, hilo halina ubishi, lakini msingi waliukuta. Mwaka 1951, Kimura Masahiko alimshinda Hélio Gracie mjini Rio de Janeiro kwa kumsokota mkono, na Wabrazili wenyewe wakaiita mbinu hiyo kimura, heshima adimu kwa mgeni aliyewashinda nyumbani kwao. Sambo, mchezo wa mapambano wa Urusi, nao una asili hiyo ya Kijapani kwa sehemu, kwani Vasili Oshchepkov, mmoja wa waasisi wake, alipata mkanda mweusi wa judo Kodokan.