Historia ya Black Five: usianzie 1934

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kusoma historia ya injini za mvuke za Black Five, na kama kweli zote 842 zilikuwa sawa. Anzia 1932, mhandisi William Stanier alipoihama reli ya Great Western na kujiunga na LMS, kampuni nyingine ya reli ya Uingereza. Boila ile pana nyuma, nyembamba mbele, aliitoa Great Western.

LMS ilitaka injini ya kuvuta mizigo leo na abiria kesho. Ya kwanza ilitoka 1934, ya mwisho 1951.

Kufanana? Hata kidogo! Ukipata picha, tazama juu ya boila: za mwanzo hazina kuba la mvuke, yaani kile kibonge cha mviringo cha kukusanyia mvuke. Mabomba yake ya kuongeza joto la mvuke yalikuwa machache mno, kazi ikawa nzito. Yalipoongezwa ndipo sifa zikaanza. Baadaye Ivatt, mhandisi mkuu wa LMS aliyemfuata, akafunga baadhi vali za Caprotti, mfumo tofauti wa kuingiza na kutoa mvuke kwenye silinda. Hizo zinastahili jioni nzima ya kusoma.

Kisha ifuatilie namba 45110. Tarehe 11 Agosti 1968 ilivuta sehemu ya safari ya kuaga mvuke kwenye reli za Uingereza, kati ya Liverpool na Manchester, na ipo hadi leo.