Sabufa ya Wati 10,000: Soma Nyuma Kabla Hujatoa Hela

Ukikuta boksi la sabufa limeandikwa wati 10,000, omba mtambo wenyewe utolewe, ugeuze, usome nyuma pale waya wa umeme unapoingilia. Kuna kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakigusii kabisa. Cha sabufa yetu ya nyumbani kimeandikwa 230V, 50Hz, 45W. Yaani mtambo mzima, pamoja na taa zake za disko, redio, kioo cha namba na spika zote tano (sanduku kubwa la besi na visanduku vinne), unavuta umeme usiofikia balbu moja ya zamani ya wati 60. Sasa hizo 9,955 zilizobaki zinatoka wapi, kwenye mita ya LUKU ya jirani?

Namba ya kwenye boksi inaitwa PMPO, na wanaoiandika wanajua wanachofanya. Haina kanuni. Kiwanda kinaweza kuchukua mshindo wa kufumba na kufumbua, kikauzidisha kwa idadi ya spika, kisha kikaongeza sifuri kwa ajili ya soko. Wati zenye maana ni zile zinazoandikwa RMS, ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kupasuka. Marekani mchezo huu waliushtukia zamani: mwaka 1974 Tume yao ya Biashara ilitoa kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Sisi tunasomewa boksi.

Hata hivyo, usidhani tatizo ni uchache wa wati. Wati 20 za kweli kwenye sebule ya kawaida ya Tabata au Mbagala zinatosha kabisa kumfanya jirani aje kugonga geti. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo sikio linaitambua lakini halishangai. Ili muziki usikike una sauti kubwa mara mbili, nguvu inabidi iongezwe kama mara 10. Kwa hiyo anayekusukuma utoke kwenye sabufa ya "elfu nane" uende ya "elfu kumi" anakuuzia hewa, hata kama namba zote mbili zingekuwa za kweli.

Sabufa hii tuliletewa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, siku ya Idi. Aliinunua Kariakoo, akaja nayo kwenye bodaboda, boksi amelipakata. Zawadi haikosolewi, kwa hiyo mengi ninayoyaandika hapa nilikuwa nikiyasema jikoni kwa sauti ya chini.

Bongo Fleva ilipita bila shida. Ngoma nyingi za siku hizi zinatengenezwa zikijua zitasikilizwa kwenye simu na kwenye bajaji, zikikuta besi yoyote zinashukuru. Mtihani ulikuja tulipoweka muziki wa dansi wa zamani. Kwenye dansi gitaa la besi linatembea, linapanda, linashuka, linajibizana na ridhimu. Kwetu liligoma kutembea. Kila noti ilitoka na "bum" ileile, na zile za chini kabisa hazikutoka. Solo ikawa inachoma masikio. Mama, ambaye ndiye mwenye muziki huo, alivumilia kwa adabu. Ilipofika taarifa ya habari ya saa mbili usiku uvumilivu ukaisha: "Anasema nini huyo? Mbona anaongea kama ana mafua?" Mke wangu akachukua rimoti, akazima sabufa, akarudisha sauti kwenye spika za televisheni yenyewe. Msomaji akasikika neno kwa neno.

Hapo ndipo nilipochoka. Spika tano zimeshindwa na vispika viwili vilivyofichwa nyuma ya televisheni.

Maelezo yake si magumu. Visanduku vya pembeni vina spika ya inchi 3, na spika ya ukubwa huo ndani ya plastiki haina nguvu ya maana ikishuka chini ya hezi 150 au 200 (hezi zikiwa chache sauti ni nzito, zikiwa nyingi ni nyembamba). Sanduku kubwa nalo limetengenezwa livume mahali pamoja, kati ya hezi 60 na 100 hivi, kwa sababu hapo ndipo mteja anapotikisika kifua dukani akatoa pochi. Kati ya sanduku na visanduku panabaki shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo inamolala sehemu kubwa ya chini ya sauti ya mwanamume anayeongea, ambayo huanzia karibu na hezi 85. Kinachobaki cha msomaji wa habari ni pua na meno, halafu mvumo wa besi unakuja kukifunika. Gitaa la besi ndilo limeonewa kuliko wote: noti yake ya chini kabisa ni hezi 41, na sanduku kama hilo halifiki huko.

Baadaye visanduku viwili vya upande wa kushoto vikanyamaza kwa pamoja, nikaubeba mtambo kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Huyu fundi ana tabia ya kumwonyesha mteja kila kitu, nadhani ili bei isije ikazua maneno. Alianza na kisanduku kimoja. Kwa mbele kina spika mbili, moja ya kawaida na juu yake nyingine ndogo inayong'aa, ile ambayo ungetegemea itoe sauti kali za matoazi na kayamba. Akaibonyeza ile ndogo kwa kidole gumba, ikachomoka. Kofia ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, imebandikwa kwa gundi. Haina waya wala sumaku. Nyuma yake ni plastiki tupu ya kisanduku.

"Hii ni urembo," akasema, akairudishia.

Kisha akafungua sanduku kubwa. Transfoma ilikaa kiganjani mwake na kiganja kikabaki na nafasi. Aisii, vile vijidude vyeusi vinavyokuza sauti, zilikuwa tatu, za aina ya TDA2030, zimefungwa kwenye kipande chembamba cha alumini cha kupoozea joto. "Moja hii ni wati kumi na nne, ukiipa umeme wa kutosha. Sasa umeme wa kutosha utatoka wapi kwenye katransfoma haka?" Halafu akanionyesha jambo ambalo sikulijua: visanduku vinne havipigi sauti nne. Viwili vya kushoto vinakula kwenye aisii moja, viwili vya kulia kwenye nyingine, na ya tatu ni ya sanduku kubwa. Aisii ya kushoto ilikuwa imeungua, ndiyo maana viwili vikanyamaza kwa mpigo. Ile habari ya sauti kukuzunguka sebule nzima haikuwahi kuwepo. Vya nyuma vilikuwa vinarudia kilekile cha mbele.

Sasa piga hesabu ya mwenye kiwanda. Ana hela kidogo ya kutumia kwa kila mtambo. Akiiweka kwenye transfoma, sumaku na sanduku la mbao nene, mteja haoni kitu. Akiiweka kwenye taa, rimoti na visanduku vinne vyenye urembo wa fedha, mteja anaona kila kitu. Mtambo wa bei ndogo unaoonekana una mengi umelipia huo wingi kwa kunyima kile kinachotoa sauti. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni mmoja: nunua spika chache. Kwa hela ya sabufa na visanduku vinne unaweza kupata spika mbili tu za kuweka mezani, zenye amplifaya ndani, sanduku la mbao na spika ya inchi 4 au 5. Hazitatikisa madirisha. Lakini mama atasikia habari, na gitaa la besi litatembea, walau mpaka hapo linapofika.

Dukani usikubali wimbo wao. Kila duka lina flashi yake yenye ngoma tatu zilizochaguliwa kuficha aibu, na sauti hufunguliwa mpaka huwezi kuongea na mwenzako. Waambie waweke redio, kituo ambacho watu wanaongea, kwa sauti ndogo. Kama mtangazaji unayemjua anasikika kama mtu mwingine, muziki hautapona. Halafu toa flashi yako, yenye nyimbo unazozijua ndani nje. Ukiweza, nyanyua mtambo: transfoma na sumaku ni vyuma, na chuma hakiwezi kuwa chepesi. Gonga sanduku kwa kidole. Likilia kama debe, litalia pia muziki ukipigwa.

Jambo lingine linalowaumiza wengi ni matundu ya nyuma. Televisheni nyingi mpya hazina tena tundu la hedifoni wala yale ya mviringo ya rangi nyekundu na nyeupe. Zina HDMI na tundu la sauti la mwanga tu, wakati sabufa za bei ndogo nyingi zinapokea AUX na yale ya rangi. Mtu anafika nyumbani, waya hauingii popote, anakimbilia Bluetooth, halafu anagundua midomo ya waigizaji inatangulia maneno. Piga picha mgongo wa televisheni yako kabla hujatoka nyumbani.

Kama sabufa unayo tayari, nayo ilikuja kama yetu ilivyokuja, bado unaweza kuinyoosha kidogo. Anza na waya. Nyaya za visanduku vingi ni nyembamba na zina rangi au mstari upande mmoja. Hakikisha kila kisanduku nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Ukigeuza kimoja, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi inatoweka na sauti ya mwimbaji haieleweki imesimama wapi. Nimekuta kosa hili kwenye nyumba za watu waliokwisha amini kwamba mtambo wao ni mbovu.

Halafu toa sanduku kubwa kwenye kona. Kona huzidisha besi, na besi ya hizi sabufa haihitaji kuzidishwa. Lisogeze kama nusu mita kutoka kila ukuta, punguza kitufe cha besi mpaka usikie maneno ya mtangazaji, na visanduku uvishushe kutoka juu ya kabati vikae usawa wa masikio ya aliyekaa kwenye kochi. Vile viwili vya nyuma vichomoe kabisa. Havina kazi, na aisii itapumua. Nyumba zetu za saruji na vigae zina mwangwi mkali, kwa hiyo zulia na pazia zito vinasaidia kuliko kitufe chochote. Angalia pia nyimbo zenyewe. Nyimbo nyingine zimeshaminywa mpaka hazina kitu, na hakuna spika ya bei yoyote itakayozirudishia kilichotupwa.

Usifungue sauti hadi mwisho. Ikianza kupasuka, koili ya spika inapikika wakati huohuo. Na umeme ukikatika, chomoa mtambo kwenye soketi, usisubiri urudi na nguvu zake.

Wapo watakaokwambia uachane na vipya ukatafute redio za mtumba, zile nzito za zamani. Nakubaliana nao nusu. Kweli zina transfoma ya haja na masanduku ya mbao, na nyingi zinapiga vizuri kuliko chochote kipya cha bei hiyo. Ila zilizotoka Japani zinatumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Lazima ununue na transfoma ya kushusha umeme, na hiyo nayo ni hela. Redio yake ya FM inaweza kuanzia 76 na kuishia 90, kama zilivyo redio za magari yanayotoka huko, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Kisha toa kitambaa cha mbele, bonyeza taratibu ule mduara unaozunguka spika. Wa mpira hudumu. Wa sponji ukikaa miaka mingi huoza, na ukikatika mkononi mwako mbele ya muuzaji, mshukuru Mungu haujakatika nyumbani.

Kipya au mtumba, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti iandikwe kwenye risiti hiyohiyo, siyo kwa mdomo. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halimzuii mtu kuomba mtambo uwashwe hapohapo, visanduku vyote, kimoja kimoja. Wakikataa kufungua boksi, duka la pili liko mlango unaofuata. Na boksi lenyewe usilitupe mpaka waranti iishe, hata kama limejaza sebule. Shemeji aliporudi dukani na sabufa yetu, swali la kwanza la muuzaji lilikuwa boksi liko wapi, na boksi tulishawapa watoto wa jirani wakatengenezea gari.