Shemeji amejifungua wiki ya 30: mnavyoweza kumsaidia

Ndugu yangu, umeuliza mumfanyie nini shemeji yako aliyejifungua wiki ya 30 ya mimba, kabla ya wakati, maana wodi ya watoto wachanga hairuhusu wageni na mnaishia getini. Nimepitia hayo hapa Nairobi. Binti yangu alizaliwa na gramu 1,200, na kuna watu ambao hadi leo nikiomba nawataja mmoja mmoja.

Kwanza uelewe kazi aliyo nayo. Mtoto mdogo hivyo hajaweza kunyonya na kumeza vizuri, kwa hiyo mama hukamua maziwa kila baada ya saa mbili tatu, mchana na usiku, yapitishwe kwenye mrija. Mwanzoni nilikuwa napata matone tu. Halafu kuna kangaruu: mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufungwa na leso. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa saa zote hizo nani anapika, nani anafua, nani yuko na mtoto mkubwa?

Kwetu walikuwa majirani wa ploti. Mama wa mlango wa pili alimchukua kifungua mimba wangu bila kungoja aombwe. Akamwogesha, akamlaza na wanawe, asubuhi akamfikisha shuleni. Jioni alinirekodia sauti ya mtoto kwenye simu akieleza alichokula. Nilikuwa naisikiliza nikikamua, na siku hizo ndizo maziwa yalishuka vizuri. Chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu nacho kilinipa zamu isiyokuwa yangu. Aliyefaa kupokea mwezi ule alisema mwenyewe, "Mpeni yeye, wangu wanatembea." Kijana wa boda wa steji yetu alileta chupa ya uji wa wimbi na leso safi hadi getini, akarudi na nguo chafu, na nauli akakataa. Mungu awabariki.

Hata ndani ya wodi hukosi ndugu. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye wake alikuwa ameshaongeza uzani, ndiye alinifunga leso mara ya kwanza mikono ikinitetemeka. "Kaza kidogo, hatavunjika," akaniambia.

Kwa hiyo msimpigie kumuuliza mtoto ana kilo ngapi leo. Uzani hushuka siku za kwanza, ni kawaida, ila kuwaeleza watu wote hao kunamaliza nguvu. Chagueni mmoja wa kupokea habari na kuwapasha wengine. Mwingine ashike makaratasi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, na bili. Kaka yako aulize wauguzi kama anaweza kubeba kangaruu pia. Baba anafaa kabisa, ampumzishe mama alale. Na maziwa yakipungua asijilaumu, amweleze muuguzi mapema. Hospitali ya uzazi ya Pumwani hapa Nairobi ina benki ya maziwa yanayotolewa na akina mama wengine tangu 2019, kwa hiyo kupungukiwa maziwa si jambo geni hapa kwetu.

Wakiruhusiwa kurudi nyumbani msijae wote siku moja. Mwenye kikohozi asubiri, na atakayeingia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Kwa sasa, ukituma chakula kesho, weka na chupa kubwa ya maji. Kukamua kunaleta kiu kali.