Flashi haisomeki tangu kerneli isasishwe: tatizo ni poti au programu?

Swali: Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta ya shule, Morogoro. Tuna laptopu inayotumia Ubuntu. Tangu kerneli (kiini cha mfumo) iliposasishwa, nikichomeka flashi mashine ikiwa imewashwa, hakuna kinachotokea. Nikiizima na kuiwasha flashi ikiwa ndani, inasomeka vizuri. Ajabu ni kwamba siku nyingine inakubali bila shida yoyote. Nimeshauriwa nibadilishe poti au niweke mfumo upya. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, usifungue mashine na usiweke mfumo upya. Poti iliyokufa haifufuki kila unapowasha mashine. Dalili ulizoeleza zinaelekea kwenye usingizi wa kidhibiti cha USB, ila tuhakikishe kwanza, kwa sababu habari ya flashi hupita hatua kadhaa kabla haijafika kwenye dirisha la mafaili.

Fungua terminali mbili. Kwenye moja andika `sudo dmesg -w` (ujumbe wa kerneli), kwenye nyingine `udevadm monitor` (habari za vifaa vinavyoingia na kutoka), kisha chomeka flashi. Dmesg ikitaja kifaa kipya cha USB lakini jina la diski, kama `sda` au `sdb`, lisitokee, kerneli imekiona kifaa ila huenda imekosa draiva ya usb-storage. Hapo linganisha jibu la `uname -r` na mafolda yaliyomo `/lib/modules`. Distro (aina za Linux) nyingine hufuta moduli (draiva) za kerneli ya zamani zinaposasisha, kwa hiyo mashine ambayo haijawashwa upya inabaki inaendesha kerneli ambayo draiva zake hazipo tena kwenye diski. Kuwasha upya kunamaliza kazi. Mistari ya KERNEL ikija bila ya UDEV, tafuta kasoro kwenye udev, programu inayopokea habari za vifaa kutoka kwa kerneli. Yote yakitokea na flashi bado haifunguki, angalia mazingira ya dezktopu. Na kama terminali zote mbili ziko kimya kabisa, jambo ninalolitarajia kwako, basi kerneli haikupata habari kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Ukimya huo una sababu. Kidhibiti cha USB ni kifaa cha PCI (njia inayounganisha vifaa ndani ya mashine), na kerneli ikiona hakina kazi inaweza kukilaza ili kuokoa betri. Kikiwa kimelala, kazi yake inayobaki ni moja: flashi ikiingia, kitoe ishara ya kuamsha, iitwayo PME. Ishara hiyo ikipotea njiani, iwe ni kwa kosa la BIOS, la kidhibiti chenyewe au la kerneli, hakuna wa kuamka. Unapowasha mashine flashi ikiwa ndani, kidhibiti kinaanza kikiwa macho, ndiyo maana inasomeka.

Pata anwani ya kidhibiti kwa `lspci | grep USB`. Kwenye mashine nyingi za Intel ni 00:14.0, weka ya kwako. Chomoa kila kitu cha USB, subiri dakika moja, kisha:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:00:14.0/power/runtime_status`

Ikijibu `suspended`, chomeka flashi. Ukimya ukiendelea, andika `sudo lsusb -v`. Amri hiyo inafungua vifaa vya USB kimoja kimoja, na kwa kufanya hivyo inakiamsha kidhibiti. Flashi ikijitokeza ghafla kwenye dmesg wakati huo huo, umeshika mzizi wa tatizo.

Sasa zile siku ambazo inakubali. Nadhani siku hizo kulikuwa na mausi ya waya imechomekwa. Mausi kwa kawaida hailazwi na kerneli, na ikiwa iko kwenye kidhibiti kile kile, kidhibiti chote kinakesha nayo. Jaribu mwenyewe, na mausi na bila mausi. Jambo hili limewafanya mafundi wengi wazuri waamini wametengeneza kitu ambacho hakijatengenezwa.

Kabla ya kuilaumu kerneli, hakikisha hakuna TLP wala powertop (programu za kuokoa betri) inayolazimisha usingizi. Izime na urudie jaribio. Kisha washa upya, kwenye menyu ya GRUB (inayokuja mashine inapowaka) ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani na ufanye jaribio lile lile. Ya zamani ikipona na mpya ikigoma, huku mengine yote yakiwa vilevile, kosa limeingia na sasisho. Kumbuka kutazama pia `runtime_status` kwenye ya zamani. Ikiwa huko inabaki `active` daima, maana yake kerneli mpya imeanza kulaza kidhibiti ambacho zamani kiliachwa kikeshe. Si jambo geni: mwishoni mwa 2023 mabadiliko yaliyoruhusu usingizi huo kwa chaguo-msingi kwenye vidhibiti zaidi vya xHCI (aina ya kisasa ya kidhibiti cha USB) yalirudishwa baada ya kuleta hitilafu kwenye baadhi ya mashine.

Kwa matumizi ya leo, kizuie kisilale:

`echo on | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:00:14.0/power/control`

Amri hiyo inapotea ukizima mashine, hivyo iweke kwenye kanuni ya udev. Betri itaisha mapema kidogo, lakini wanafunzi watafanya kazi.

Nakusihi usiishie hapo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli ya Linux, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba sasisho la kerneli halipaswi kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji, na taarifa nzuri ya hitilafu ya namna hii hupewa uzito. Ila lazima uonyeshe ilipoanzia. Ubuntu hutoa kerneli za mainline (za asili, bila marekebisho ya Ubuntu) zilizokwisha kujengwa. Shuka nazo toleo kwa toleo mpaka upate la mwisho zuri na la kwanza bovu. Hazina sahihi, kwa hiyo Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi mashine inapowaka) itazikataa mpaka uizime. Kati ya matoleo makuu mawili kuna mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini `git bisect` hugawa nusu kwa nusu, na majaribio kama 14 yanatosha kumpata mkosaji.

Mambo mawili huharibu kazi hiyo. La kwanza, ukiandaa usanidi wa kerneli kwa `make localmodconfig`, amri inayobakisha moduli zinazotumika wakati huo tu, flashi iwe imechomekwa na inasomeka wakati huo, la sivyo usb-storage itaachwa nje na kila kerneli utakayojenga itaonekana mbovu. La pili ni baya zaidi: kuchomeka flashi mapema, kidhibiti kikiwa bado macho. Utaandika `good` mahali pa `bad`, na bisect itakupeleka kwenye badiliko lisilohusika kabisa. Kila raundi soma `runtime_status` kwanza. Kikikataa kulala, kipe muda kamili wa kusubiri, na uwe umechomoa mausi.

Ukilipata badiliko, lifute juu ya toleo jipya kwa `git revert`, jenga, na uone kama flashi inasomeka. Kisha waandikie wanaotajwa na `scripts/get_maintainer.pl`, ukiweka jibu la `lspci -nn`, dmesg nzima, toleo la BIOS, na mstari wa `#regzbot introduced:` wenye namba ya badiliko ili mfumo wa kufuatilia hitilafu hizi uisajili. Eleza pia jaribio la `lsusb -v`. Msanidi wa xHCI akilisoma atajua mara moja aanzie wapi. Huenda wakakutumia kiraka (marekebisho ya msimbo) ili ukijaribu, kwa hiyo usiifute folda uliyojengea.